Amuka, Utunyime Tena

Juzi nilikuwa kwa msusi pale Kashikishi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, redio ikapiga wimbo wetu. Kabla ya kuupiga, mtangazaji alieleza ulikotoka. Alisema uliimbwa na mjane mmoja wa ng'ambo, upande wa Kongo, ambaye mume wake alizama ziwani, na kwamba mjane huyo alikaa ufukweni akiuimba kutwa kucha bila kula. Msusi aliacha mikono yake hewani akasema kwa Kibemba, masikini mama wa watu. Nikamwambia asuke.

Nimechoka na mjane huyo. Nimekutana naye kwenye minibasi za kwenda Mansa, nimekutana naye harusini, nimekutana naye hata msibani. Huko Pweto wanasema alikuwa binti wa chifu. Huko Chienge wanasema mwishowe alijitupa majini amfuate mumewe. Wimbo ukishapendwa, watu huupa kila kitu isipokuwa ukweli wake. Basi kwa kuwa mambo yamekwisha salama na hakuna tena anayeumia, nitasema ulivyozaliwa. Hakuna aliyezama. Hakuna mjane aliyeimba. Mtu anayeimbwa hakuwa mpenzi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mzee, baba wa rafiki yetu, na alifia kitandani kwake akiwa amefunikwa blanketi. Tena ule wimbo ni matusi.

Tulikuwa wanawake watatu. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Kongo, ndiye aliyeongoza. Mimi nilishika sauti ya chini, kazi isiyosifiwa na mtu lakini ikikosekana kila mtu anauliza kuna nini. Sauti ya juu ilikuwa ya rafiki yetu, mzaliwa wa hapa hapa Nchelenge, mtu wa Kibemba aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kununua na kuuza samaki. Tuliimba kanisani Jumapili, na siku nyingine tuliimba mchangani, tukianika dagaa wadogo tunaowaita chisense. Chisense wanataka kugeuzwa kila mara, na kuimba kunasaidia mkono usichoke na kuku wasisogee.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alitoka Lubumbashi na kanda moja ya wanawake watatu Weusi wa Amerika, wa ule muziki wa soul. Kanda yenyewe ilitafunwa na mashine zamani, lakini yaya aliitunza karatasi ya kasha lake. Pichani wale wanawake wamesimama wamevaa nguo za kumetameta, kila mmoja amenyoosha mkono mbele kama anayezuia gari. Yaya alitufundisha kusimama vile vile. Tulisimama hivyo mbele ya madhabahu, na vitenge vyetu vya sare, mpaka mchungaji akatuuliza tunamzuia nani. Yaya alisema tunamzuia Shetani. Mchungaji hakuuliza tena.

Rafiki yetu huyo alikuwa na jambo moja la ajabu, nalo lishikeni maana tutalirudia. Akicheka hatoi sauti. Anajikunja, anafunika uso, mabega yanatikisika. Asiyemjua angempa pole.

Baba yake alikuwa mzee wa mitumbwi, na ufuko mzima ulimjua kwa kafi lake. Lilikuwa kafi la mti wa mulombwa, zito, jekundu, limeng'aa mpini kwa kushikwa. Mzee hakuwa bahili. Ukipita na njaa atakupa samaki, ukikosa wavu atakukopesha wavu. Lakini kafi lake hakumwazima mtu. Jioni alilibeba begani mpaka nyumbani akalisimamisha nyuma ya mlango, na ukienda kuomba, hata kama mtumbwi wako unaelea wenyewe kuelekea Kilwa ya Kongo, alikuja mlangoni akalikumbatia akasema apana. Hakueleza. Alisema apana, akakukaribisha kula. Yaya aliwahi kuliomba mara nyingi kwa utani tu, asikie ile apana yake, kisha akaketi akala bukari, yaani ugali, ya watu.

Sasa nieleze kidogo habari ya ukoo, maana bila hiyo hamtaelewa kosa letu. Hapa ziwani kila mtu ana ukoo wenye jina la kitu: Chui, Mbuzi, Uyoga, Mvua, Udongo. Na koo nyingine ni watani. Chui anamla mbuzi, kwa hiyo Chui na Mbuzi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu usikasirike, na ruhusa hiyo inakuwa kubwa zaidi msibani. Watu wako wakiwa wamelala sakafuni wanalia, mtani anaingia anamtukana maiti: amka mvivu wewe, nani atalipa pombe uliyokunywa. Watu wanacheka huku machozi yanatoka, na kifua kinapata nafasi ya kupumua. Nimeona misiba mingi, na sijaona dawa nzuri kuliko hiyo.

Baba yetu alituambia tangu utoto kwamba sisi ni Chui. Kwao, huko mbali alikotoka, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Na baba wa yule mzee wa kafi, babu yake rafiki yetu, alijulikana pwani yote kuwa Mbuzi. Yaya alipiga hesabu yake: sisi Chui, wao Mbuzi, ni watani. Lakini hapa ziwani mtoto ni wa ukoo wa mama. Tumeishi hapa miaka, tulilijua hilo kama tunavyojua bei ya chumvi, na ungetuuliza siku ya kawaida tungekujibu sawasawa. Siku ya msiba mtu hahesabu kwa akili ya alikohamia. Anahesabu kama alivyohesabiwa akiwa mdogo.

Mzee aliugua kwa muda mfupi akafa. Tulikwenda na unga wa muhogo na kuni kama watu wengine. Asubuhi ya maziko nyumba ilikuwa imejaa wanawake, jeneza limewekwa katikati ya sebule, na rafiki yetu ameketi karibu na kichwa cha baba yake, kitenge kimemfunika mpaka usoni. Hakuwa amelia. Mashangazi walikuwa wananong'ona kwamba tangu baba yake akate roho hajatoa hata chozi, hajala, hajaongea, na mtu wa namna hiyo hupasukia ndani. Yaya alimtazama, nikaona uso wake unabadilika. Namjua dada yangu. Akimwona mtu anaumia hawezi kukaa, lazima afanye jambo, liwe la maana au la ovyo.

Alisimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akanyoosha mkono mbele kama kwenye ile karatasi ya baba. Akaanza kumwimbia maiti:

"Weye Mbuzi, unalala sababu ya nini?
Kafi yako eko ku mulango, inakungoya.
Ulitunyima jana, ulitunyima juzi,
amuka, baba, utunyime tena.
Amuka, utunyime tena."

Mimi, kwa mazoea, nikaingia na sauti ya chini. Ulimi hauna mfupa, na wa kwangu hauna hata gegedu. Tuliurudia. Yaya aliongeza kwamba Mbuzi gani huyu anayejifunga mwenyewe kwenye kigingi, kwamba mbinguni hakuna maji ya kupiga kafi, aliache. Kisha tena: amuka, utunyime tena. Sauti ya juu haikuwepo, na pengo lake lilisikika. Mara ya tatu tulipofika kwenye "utunyime," kutoka chini ya kile kitenge ikatoka sauti. Ilipanda ghafla, ikavunjika katikati, ikakatika. Wanawake wote waliguna. Mashangazi walimshukuru Mungu kwamba mtoto amelia.

Halafu vichwa vikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wake marehemu, tumbo moja baba na mama, mtu anayetengeneza mashine za mitumbwi, mrefu, asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye msiba. Alimuuliza yaya kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko kelele.

"Mama, weye ni nani kwetu?"

"Mi ni Chui, baba. Niko mutani yenu. Banyie ni Mbuzi."

"Mbuzi ilikuwa baba yetu," alisema. "Mama yetu ni Mvua. Sisi ni ba Mvua. Hapa mu hii nyumba haina Mbuzi hata moja."

Yaya alibaki na mkono wake hewani. Chui na Mvua si watani, hawana lolote. Kwa hiyo mbele ya jeneza, mbele ya ndugu wote, mgeni kutoka ng'ambo alikuwa amemwita marehemu mnyama na mnyimi bila haki yoyote. Huyo baba mdogo wa rafiki yetu alisema twende nyumbani, na tusiingie kwake mpaka tuwe na la kusema. Rafiki yetu aliinuka, kitenge bado kiko usoni, akaingia chumba cha ndani bila kutuangalia. Tuliondoka kabla jeneza halijatolewa, na sikumbuki tulivyofika nyumbani.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kwa kawaida hukauka. Haya hayakukauka, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshika simu. Sijui nani, wala sitaki kujua. Baada ya muda wimbo ulikuwa kwenye simu za watu sokoni. Wale vijana wanaokutilia nyimbo kwenye memori kadi waliutia bila kuombwa. Ukavuka ziwa na wafanyabiashara wa samaki, ukarudi ukiwa na ngoma chini yake, mtu wa Kilwa kauwekea ngoma. Walioupokea hawakujua habari ya kafi wala ya watani. Walisikia mwanamke anayemwomba mpenzi mgumu arudi, hata kama ni kurudi kumnyima. Nani hajawahi kuwa na mtu wa hivyo? Na pale sauti ya juu inapopanda na kuvunjika, watu walishika vifua. Mabaa yote ya Nchelenge yalinyamaza sehemu ile, kisha yakapiga kelele irudishwe.

Mara ya kwanza yaya aliusikia kwenye mashine ya kusaga. Aliacha unga wake palepale akarudi nyumbani mikono mitupu. Aliniambia, "Ninatukana baba ya mwenzangu kila siku, mu masikio ya dunia yote." Nilijaribu kumtania kwamba sasa ni staa, avae nguo ya kumetameta. Hakucheka.

Hakutaka wimbo, hakutaka sifa. Alitaka kitu kimoja: yule rafiki arudi kukaa kando yake mchangani. Walikuwa wamekaa hivyo tangu tulipofika hapa hatumjui mtu, naye rafiki akamsogezea yaya sehemu ya mchanga wake bila kuulizwa. Sasa alikuwa amehamisha vitu vyake vya kuanikia akaenda upande mwingine wa ufuko. Tukikutana njiani aliinamisha kichwa akapita. Hakutusi, hakusema, hakutuma salamu, na mtu asiyekutukana huwezi hata kumwomba msamaha, maana hujui aanzie wapi akusamehe. Kanisani aliacha kuja kwaya. Yaya alikuja, lakini nilisimama karibu naye nikagundua kwamba anachezesha midomo tu. Dada yangu aliyeimba hata akipara samaki hakuwa tena na sauti. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba msiba wa nyumba ile umehamia kwetu.

Alikuja kijana mmoja wa studio, akasema turekodi upya, vizuri, watatu wote. Yaya alimwambia kwamba wimbo huo una mwenyewe na mwenyewe hajasema. Kijana akadhani anatafuta makubaliano mazuri zaidi, akaanza kumsifia. Nilimtoa kwa ufagio.

Mwishowe nilisema liwalo na liwe, tumwite mama. Msamaha hauendi na mkosaji peke yake, unabebwa na mkubwa. Baba hayupo, mama yetu yuko mbali kidogo, kule kwenye mashamba ya wakimbizi, analima muhogo na karanga na hapendi kuja mjini kwa sababu mjini watu hawamsalimii. Alikuja na kuku mmoja mweupe na beseni la unga. Tulimweleza tu kwamba yaya alimtukana marehemu asiye mtani wake. Hakuuliza zaidi. Alisema mtoto wake mkubwa alizaliwa akipiga kelele na hakuona ajabu, kisha akalala.

Tulimkuta baba mdogo uani kwake, amefunga mashine ya mtumbwi kwenye pipa la maji, anaijaribu, inanguruma na kutupa povu. Hakuizima. Alituonyesha viti. Mama alipiga magoti akasalimia kwa Kibemba cha upande wa Kongo, ambacho si cha hapa lakini kinasikika, na baba mdogo, kwa heshima, akaketi chini zaidi. Wakaulizana habari za mvua na za muhogo. Yaya alikuwa ameinamisha uso, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Kisha mzee, kama wanavyouliza wakubwa wote wa hapa wanapokutana na mkubwa mwenzao, aliuliza ukoo, ambao wao wanauita mukowa.

"Mama, mukowa yako ni gani?"

Mama alisita. "Ya bwana yangu, ao ya miye?"

"Ya weye, mama."

Mama alitazama mikono yake. Nilidhani hajasikia kwa kelele ya mashine. "Miye ni wa Bowa," alisema. "Sisi ni Uyoga."

Mzee aliinuka akaizima mashine. Tukasikia kuku wetu ndani ya kapu. Aliketi tena, akamtazama mama, akamtazama yaya, kisha uso wake ukaanza kulegea kuanzia mdomoni.

"Uyoga," alisema. "Na uyoga bila mvua unaota wapi?"

Hata mtoto wa shule hapa anajua hilo. Uyoga na Mvua ni watani, tena watani wakubwa. Kwa hesabu ya ziwa, yaya hakuwa Chui hata siku moja. Alikuwa Uyoga, kama mama yake. Na marehemu hakuwa Mbuzi, alikuwa Mvua, kama mama yake. Yaya alikosea kwake akakosea na kwao, na makosa mawili yalikutana njiani yakasalimiana. Alikuwa na haki kamili ya kumtukana marehemu, isipokuwa alimwita mnyama asiye wake.

Nilimgeukia mama. Nilitaka kujua mbona miaka yote hii, baba akituita Chui asubuhi na jioni, hakuwahi kusema.

"Hakuna mutu aliniuliza," mama alisema. "Tangu niolewe, hakuna."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekuambia chumvi iko wapi. Nilipata nafuu na aibu kwa wakati mmoja, na nafuu ilikuwa kubwa, lakini aibu ndiyo iliyokaa. Tumekula mikononi mwa mwanamke huyu maisha yetu yote na tulikuwa hatumjui ni nani.

Yaya alikuwa ameanza kulia. Baba mdogo alimwacha amalize kidogo, kisha akamwambia neno ambalo sasa hulirudia kwa kila mtu. "Haki ya kutukana ulikuwa nayo," alisema. "Kazi ndio ulikimbia." Maana mtani msibani hatukani akaondoka. Mtani ndiye anayechimba, anayechota maji, anayepika, anayefagia nyumba ya wafiwa wasioweza kuinuka. Hapa matanga humalizwa baada ya miezi mingi, na haya yalikuwa hayajamalizwa. Siku ya kumaliza, yaya aje na ufagio.

Akaja na ufagio wake na wangu na wa jirani. Siku ya kumaliza matanga tulifika jua halijapata nguvu, mama yuko mbele, amejifunga kitenge kipya. Yaya alifagia uwanja mpaka mchanga ukaonyesha mistari. Alichota maji. Na sasa, akijua ni nani, alianza kuwatukana wanaume waliokaa kwenye viti: Mvua gani ninyi mnaokaa kivulini, Mvua gani hamlowanishi hata koo la mtu. Wanaume walimjibu kwamba uyoga mwingine una sumu. Sauti yake ilikuwa imerudi. Nilisimama na ndoo kichwani nikiisikiliza, nikasahau kuitua.

Rafiki yetu alikuwa anapita huku na huku, anapanga sahani, hatuangalii. Nilianza kukata tamaa. Baba mdogo amesamehe, ukoo umesamehe, na huyu ambaye ndiye tuliyemtaka bado amefunga uso. Yaya alikuwa kwenye sufuria kubwa ya bukari, anasonga peke yake, na sufuria ya msiba haisongwi na mtu mmoja. Mimi nilikuwa naelekea kumsaidia. Rafiki alinipita, akachukua mwiko wa pili, akasimama upande wa pili wa sufuria. Walisonga kwa muda. Moshi uliwaingia wote wawili machoni.

"Yaya," alisema rafiki, "ile siku sikulia."

Yaya hakuacha kusonga.

"Nilicheka. Ulisema utunyime tena, nikaona baba ku mulango, anakumbatia kafi, anasema apana. Nilimuona kabisa. Nikacheka. Baba eko mu sanduku, na miye mutoto yake ninacheka." Alifuta uso kwa kiwiko. "Kisha bote banasema nililia muzuri. Bashangazi banasema. Ku redio banasema. Kila siku banapiga pale fasi nilicheka, na bantu banalia. Nitakuangalia namna gani? Weye ndio unajua sauti yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakumkasirikia yaya hata kidogo. Alimkimbia yaya kwa sababu alidhani yaya amesikia, kwamba katika ziwa zima kuna mtu mmoja anayejua kicheko kile si kilio, na mtu huyo ni yule anayekaa kando yake mchangani. Na sisi hatukuwa tumesikia kitu. Tulikuwa tumezoea acheke kimya, na siku aliyocheka kwa sauti hatukumtambua.

Yaya alimwangalia juu ya mvuke.

"Geuza," alisema. "Bukari itaungua."

Wakageuza pamoja, mwiko kwa mwiko. Nikaona mabega ya rafiki yanatikisika, na kwa mara ya kwanza sikujua ni kicheko au kilio, wala sikuona sababu ya kujua.

Baada ya kula, vitu vya marehemu vilitolewa nje. Koti lake alipewa mpwa. Nyavu ziligawanywa. Mwisho lilitoka kafi, jekundu, mpini unang'aa, na wazee wakaliweka mikononi mwa baba mdogo. Kila mmoja pale aliwahi kunyimwa kafi hilo. Ndipo yaya alipoinuka kwenye mkeka, ananuka moshi, unga mikononi. Mtani ana ruhusa. Alikwenda mpaka mbele ya yule mzee mrefu, akanyoosha mkono mbele, kama wale wanawake wa kwenye karatasi ya baba.

"Baba," alisema, "niazime kafi."

Baba mdogo alilitazama kafi. Alitazama ziwa, kule mitumbwi ilikokuwa imelala. Akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Apana," alisema. "Karibu kula."

Sauti ilitoka nyuma yangu, ikapanda ghafla, ikavunjika katikati. Safari hii haikukatika. Rafiki yetu alikuwa amesimama hana kitenge usoni, mdomo wazi, anacheka mbele ya ndugu zake wote, na ilikuwa sauti ile ile iliyoko kwenye wimbo. Mashangazi waligeuka wakatazamana, nikawaona wanaelewa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kumfuata kwa kicheko alikuwa mama yangu. Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba mdogo peke yake hakucheka. Aliliweka kafi begani, akavuka uwanja hadi nyumbani kwake, akalisimamisha nyuma ya mlango.